Miezi saba namsalimia mzee anayelala nje: niliyokosea na machache yaliyokubali (uzi mrefu)

Mpita Njia

Wakuu habari zenu.

Huu uzi nimeuandika nikaufuta mara tatu, naogopa uonekane wa kujisifia. Ila juzi kuna kijana aliuliza eti ukiona mtu analala nje na roho inakuuma unaanzia wapi, akajibiwa mrushie hela usonge, mada ikaishia hapo. Nikasema ngoja niandike, wa kunitukana atanitukana.

Kuna mzee analala kwenye kibaraza cha jengo lililofungwa siku nyingi, njia ninayopita asubuhi nikienda kibaruani na jioni nikirudi. Ana mabegi matatu na mwavuli wenye mbavu mbili zilizovunjika. Ni wapi sitasema na msiniulize. Mwaka mzima nilikuwa nampita kama mtu anavyopita nguzo ya umeme. Alafu jioni moja ikashuka mvua ya ghafla nikakimbilia pale kibarazani kujibanza, na yule mzee bila kusema kitu akavuta mabegi yake kwenye kona akanipisha. Akanipisha! Nilisimama pale kama nusu saa, aibu imenilowesha kuliko mvua, maana ndo kwanza inaniingia akilini kwamba hapa ni nyumbani kwa mtu, nimeingia bila hodi na mwenye nyumba kanikaribisha.

Kesho yake nikaanza kwa pupa. Nikajaza mfuko, blanketi, nguo, sabuni, chakula cha kushibisha watu wawili, nikauweka mbele yake nikajieleza maneno mengi kama mgombea. Hakuniangalia. Asubuhi naukuta mfuko mzima kwenye pipa la taka, haujafunguliwa hata fundo. Nilikasirika wakuu, sitaki kudanganya. Nikamwambia mke wangu yule mzee ana kiburi, hana kitu na bado anachagua. Akaniuliza swali moja tu, "kwani ulimuuliza anataka nini?"

Basi nikaacha kubeba vitu nikabaki na salamu. "Shikamoo mzee" asubuhi, "shikamoo mzee" jioni, napita. Kimya. Muda ule ule, sauti ile ile, kimya. Kadiri siku zinavyoenda nikawa najirekebisha vitu vidogo vidogo, mfano nilikuwa nasimama mbele yake, kumbe mtu aliyekaa chini ukimsimamia unageuka askari, nikaanza kukaa ngazi ya chini yake, ubavu ubavu siyo uso kwa uso, na sikai upande ambao yeye angetokea kama anataka kuondoka. Dakika tano nanyanyuka. Nikijua kesho sipiti namwambia kabisa, mzee kesho sipo mpaka jumatatu. Wiki ya sita ndo akaitikia. "Marahaba." Kaangalia upande wa pili. Nilienda kibaruani natabasamu peke yangu kama mwehu.

Wiki kama ya kumi akaniuliza, bila utangulizi, "mgongo unakuuma?" Nikashtuka kajuaje. Akasema kiatu chako cha kushoto kinalika upande wa nje, na vile vyeusi vya kamba navyo ulivila hivyo hivyo. Wakuu, vile vyeusi nilivitupa kabla hata sijaanza kumsalimia! Yani muda wote ule mimi nampita kama nguzo, mwenzangu ananijua kwa viatu.

Ni hayo kwanza. Mwenye swali aulize, mwenye uzoefu atupie.

Chuma Chakavu

Mkuu una muda wa kuchezea. Miezi saba kwa "marahaba" moja? Mimi nilimsaidia mmoja nikamuingiza mpaka ndani, wiki haikuisha kaondoka na simu. Wengi wao ni pombe na uvivu, mchana wote wanalala sisi tunatafuta. Ukweli unauma ila ndo huo.

Nesi wa Zamu

Mleta uzi asante. Nami nitupie ya upande wangu, maana wema bila kujua unaweza kudhuru.

Mtu ambaye hajala kabisa au amekula kidogo sana kwa siku zaidi ya tano, usimshindilie chakula kingi kwa mara moja ukajipongeza. Mwili ulioishi na njaa ukipokea chakula kingi ghafla, madini kwenye damu, hasa fosfeti, yanashuka kwa kasi na moyo unaweza kuyumba. Jambo hili lilionekana wazi baada ya vita ya pili ya dunia kuisha 1945, kwa watu waliotoka kifungoni na makambini. Kidogo kidogo, na kama amedhoofu sana huyo ni wa hospitali.

La pili, pombe. Kuna watu wana tabia ya "nitakusaidia ila uache kunywa leo". Mtu aliyekunywa kila siku kwa miaka akikata ghafla anaweza kupata degedege ndani ya siku mbili za mwanzo, na siku ya pili mpaka ya nne akapandwa na kuchanganyikiwa, kutetemeka, kuona vitu visivyokuwepo. Hali hiyo inaua. Aache, ndiyo, ila chini ya uangalizi.

La tatu ni miguu, na hapa ndo kwenyewe. Mguu uliokaa kwenye soksi mbichi na kiatu kilicholowa siku nzima, siku mbili, unakufa ganzi, unavimba, ngozi inakuwa nyeupe kama iliyolowekwa maji muda mrefu kisha inachanika. Wanajeshi wa vita ya kwanza ya dunia walipoteza miguu hivyo kwenye mahandaki, na haihitaji barafu, ubaridi wa kawaida na unyevu vinatosha. Kwahiyo ukitaka kumpa mtu kitu kimoja ambacho hakimlemei wala hakimdhalilishi, soksi kavu.

Kuna daktari wa Boston kule Marekani anaitwa Jim O'Connell. Mwaka 1985 katoka kumaliza mafunzo kwenye hospitali kubwa, kaja kuanzisha huduma kwa wasio na makazi akiwa na haraka ya kutibu. Nesi aliyemkuta pale kwenye makazi ya usiku, Barbara McInnis, akamwambia weka pembeni hicho kipimo cha kusikilizia moyo, kaa chini, osha miguu ya watu. Akaosha. Wagonjwa waliokuwa wanakataa madaktari kwa miaka wakaanza kuongea wakiwa wameloweka miguu kwenye beseni, daktari kakaa chini yao. Alipanga kukaa mwaka mmoja, akakaa miongo.

Fundi Maneno

Hahaha nesi umenikumbusha, si tunaambiwa shikamoo yenyewe maana yake nashika miguu yako? Sisi tunaisema midomoni tu wenzetu wakachukua beseni.

Boksi la Zamani

Nimesoma nikatoka nje kuvuta hewa nikarudi. Sijawahi kuandika hili popote. Nililala nje miaka miwili na kitu.

Nianze na ule mfuko kwenye pipa. Mleta uzi, ule haukuwa ujeuri. Nje usiku kitu kipya ni hatari, ukionekana na blanketi zuri unaamshwa kwa mateke unaporwa, na mimi lilinikuta. Chakula kilichofunguliwa nacho, kuna watu walituwekea mchanga ndani wakakaa pembeni wanacheka. Alafu kuna uzito, kila unachomiliki unakibeba mgongoni, blanketi likilowa ni kama umebeba mtu. Wewe unaona umetoa zawadi, mwenzio anahesabu atafika nalo wapi.

Kaka Chuma, kulala mchana. Nililala mchana kwa sababu mchana kuna watu wanaona. Usiku unakaa macho, unalinda viatu, unasikiliza nyayo. Jaribu wiki moja tu hivyo uone kama na wewe hutaanza kuongea peke yako. Na pombe wengine tuliikutia huko huko, mimi nilikuwa siijui.

Kingine kilichokuwa kinanimaliza ni maswali. Kila anayekuja ana daftari. Jina nani, umri, ilikuwaje, ndugu wako wapi, kwanini usirudi. Nimesimulia maisha yangu mara nyingi mpaka nikawa natunga, kwa kuchoka tu, siku nyingine mke alikufa siku nyingine sikuwahi kuoa. Mtu anaondoka na simulizi yangu simuoni tena.

Aliyenitoa ni mama mmoja mfagiaji. Alikuwa akifagia anafika karibu na boksi langu anasema "naomba nipite mwanangu." Hakusema toka, wala pisha, alisema naomba. Hivyo miezi. Siku moja akaniambia nishikie fagio nifunge kamba ya kiatu, nikashika. Mnaweza mkacheka lakini sikumbuki mara ya mwisho kabla ya hapo mtu aliniachia kitu chake mkononi. Baadaye sana akaniambia, "Alhamisi nakwenda kule wanakotengeneza vitambulisho, ukitaka twende wote, ukitaka baki." Nikabaki. Alhamisi iliyofuata akasema vile vile, nikabaki. Ya tatu nikaenda, na kilichonipeleka ni kwamba zile mbili nilizokataa hakununa. Alifagia kama kawaida, naomba nipite mwanangu.

Ukilala nje wengine ndo wanakuamulia kila kitu, utalala wapi, utaamka saa ngapi, utajisaidia wapi. Linabaki neno moja la kwako, hapana. Mtu akikunyang'anya na hilo kwa jina la msaada unaweza kumchukia kuliko aliyekupiga teke. Yule mama aliniachia hapana yangu mpaka nikaichoka mwenyewe.

Mpita Njia

Boksi, sina la kuongeza. Nimemsomea mke wangu kwa sauti.

Kamera Mkononi

Daah inagusa. Mleta uzi piga picha ya mzee hata video fupi akisimulia, weka hapa tumchangie, watu wataguswa hela itajaa wiki moja tu. Mimi naweza kukusaidia kuihariri.

Mpita Njia

Ndugu najua nia yako njema ila hapana. Picha ikishatoka kila mtu anajua analala wapi, na wanaowatafuta hawa watu usiku kwa ubaya nao wana simu. Alafu hiyo sura ya siku yake mbaya kuliko zote itazunguka miaka, siku akipata pa kukaa akaomba kazi tajiri anaikuta. Miezi saba sijawahi kutoa simu mbele yake hata kuangalia saa.

Kamera Mkononi

Tatizo mnapenda kuremba mambo. Njaa haisubiri heshima.

Boksi la Zamani

Inasubiri ndugu yangu. Nimelala na njaa nikakataa hela ya mtu mwenye kamera zaidi ya mara moja.

Dada wa Asubuhi

Kaka zangu mmeongea vizuri ila mimi ni mwanamke, kuna kaka analala karibu na ninapopandia gari, namuonea huruma ila naogopa. Nikimzoea sana je akinifuata nyumbani? Je akidhani nina nia nyingine?

Nesi wa Zamu

Mdogo wangu woga wako una akili, usiuone dhambi. Salamu ya mchana mahali penye watu inatosha, na kama mna wenzako wawili watatu mnapita hapo basi msalimieni wote, asikutegemee mmoja. Usimwelekeze unapokaa, usimpe ahadi, usimkopeshe, usimwambie "niite muda wowote" kama hutaitika. Ukimuona kachafukwa, anafoka na hewa, usimbishie anayoyasema wala usiyakubali, mpe nafasi pita kwa mbali, kesho msalimie kama kawaida. Ila ukimkuta kwenye baridi maneno yanakokota, anayumba, ameacha kutetemeka wakati baridi ipo pale pale, hapo usisubiri urafiki, ita gari la wagonjwa, joto la mwili limeshuka chini ya nyuzi 35.

Na jambo la msingi, kuna ugonjwa wa akili ambao sehemu ya ugonjwa wenyewe ni mtu kutojua anaumwa. Siyo ubishi. Ukimwambia "wewe mgonjwa twende" ni kama mimi nikuambie wewe una mikono mitatu. Ongea naye kuhusu kile anachokiona yeye ni shida, usingizi, jino, kidonda. Mlango uko hapo.

Mpita Njia

Nesi hapo kwenye ahadi naomba nikiri. Mwezi wa tatu nilipata msiba wa ghafla nikasafiri siku tisa sikumuaga mzee. Narudi nakuta kimya cha siku ya kwanza, tena kimya kibaya zaidi, kageukia ukutani kabisa. Wiki mbili nzima shikamoo inaanguka chini. Nikamweleza ilikuwaje, mara moja tu, sikurudia. Siku kama ya kumi na tano akasema "pole na msiba", basi tukaendelea. Alisikia siku ile ile, alikuwa anapima kama nitarudi kesho yake.

Mchora Ramani

Niongeze kitu kimoja wakuu maana naona mada inaelekea kuwa ya roho nzuri peke yake. Salamu haiezeki paa. Zamani utaratibu karibu kila mahali ulikuwa acha pombe kwanza, kunywa dawa kwanza, tulia kwanza, ndipo upewe chumba, kama ngazi, na watu wanaanguka ngazi ya pili wanarudi nje. Mwaka 1992 New York mwanasaikolojia anaitwa Sam Tsemberis akaigeuza, mpe mtu nyumba kwanza bila masharti hayo, msaada mwingine umfuate ndani kwa kasi yake. Wengi wakabaki kwenye nyumba zao, hata wale waliokuwa wanaitwa "hawasaidiki". Kanada wakaujaribu kuanzia 2009 kwenye miji mitano kwa watu zaidi ya 2,000, nao wakaona waliopewa nyumba kwanza wanakaa ndani muda mrefu kuliko wale wa utaratibu wa kawaida. Ufini wameufanya sera ya nchi tangu 2008. Kule miaka ya 1980 mwishoni wasio na makazi walikuwa zaidi ya 15,000, kufika 2023 walikuwa chini ya 4,000.

Ila angalieni, hata kwenye mpango huo funguo haitupwi mtu akiwa amelala. Kuna mtu anayekwenda mara kumi, ishirini, anakataliwa anarudi, mpaka yule aliye nje aamini kwamba hiyo nyumba siyo mtego. Kwahiyo anachofanya mleta uzi ni ile sehemu ya kazi isiyoandikwa kwenye bajeti. Ukiwa na urafiki bila nyumba unabaki rafiki wa mtu anayelowa, nyumba bila urafiki nayo kuna watu wanaogopa hata kuingia.

Chuma Chakavu

Sawa nimewasoma wote. Ya simu yangu bado inaniuma sitaficha. Ila Boksi swali, yule niliyemwingiza ndani siku ya pili tu ya kumjua, nikampa masharti, saa nne taa zimezimwa, kuoga lazima, kanisa jumapili. Inawezekana niliharakisha?

Boksi la Zamani

Simu alikosea, ni wizi. Na wewe uliharakisha. Yote mawili ni kweli.

Chuma Chakavu

Haya.

Mpita Njia

Wakuu nina mrejesho, nilikuwa nimekaa nao.

Wiki tatu zilizopita niliona mzee anachechemea. Kidonda mguuni, kinatoa harufu. Nikataka kufanya yale yale ya mfuko, yani nimbebe nimpeleke nimalize. Nikamkumbuka mama mfagiaji. Nikasema mzee kuna nesi anakaa jumanne kwenye zahanati hapo mbele, mimi jumanne nitapita pale, ukitaka tutaongozana. Akasema "sina haja." Nikasema sawa mzee, nikamuachia soksi kavu nikaondoka, na usiku ule sikulala vizuri kwa kweli. Kama angekuwa na homa au mguu umeanza kuwa mweusi ningeita gari bila kumuuliza mtu, nilikuwa namuangalia kila siku kwa jicho hilo.

Jumanne ya pili akasema "sina haja" ila soksi alikuwa kazivaa. Nikamwambia kwa lugha ya kawaida kwamba mimi naogopa huo mguu, siyo kwamba namlazimisha, naogopa tu. Akaniangalia, nadhani ndo mara ya kwanza ananiangalia machoni muda mrefu, akasema "utaacha kuogopa."

Leo ni jumanne. Nimefika asubuhi namkuta kasimama, kavaa koti, ana fimbo. Nikajua tunaondoka wote. Akasema hapana, nitakwenda peke yangu, njia naijua, nimekaa hapa muda mrefu kuliko wewe. Kisha akaonyesha mabegi. Yale mabegi wakuu, yale ambayo mfagiaji wa pale aliwahi kulisogeza moja kwa bahati mbaya mzee akapiga kelele mtaa mzima ukatoka. Akasema "kaa hapo uyaangalie, na mwavuli usiufungue, huwa unaganda."

Kwahiyo nimekaa kibarazani naandika hii. Kibaruani nimewaambia nitachelewa. Wapita njia wananipita kama nguzo, mmoja tu ndo kanitupia jicho akalirudisha haraka. Saa ya pili hii inakwenda na mzee hajarudi, nesi kama upo hewani, foleni ya kusafisha kidonda huwa ndefu hivi?

Nesi wa Zamu

Nipo. Jumanne ni ndefu kaka, na kidonda cha siku nyingi kinasafishwa taratibu. Kaa hapo hapo usiondoke.

Mpita Njia

Siondoki. Limeanza wingu, nahamishia mabegi kwenye kona.